Maliasili au Viumbe? Uhakiki wa Baadhi ya Msamiati wa Uhifadhi katika Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kuchungua, kwa jicho la uhakiki, baadhi ya maneno yatumikayo katika Kiswahili kuelezea ulinzi wa wanyama na matumizi ya ardhi. Kwa desturi ya wengi wetu, uhakiki ni kazi ifanywayo juu ya riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini hotuba ya afisa barazani, tangazo lililobandikwa langoni mwa mbuga, na sheria itajwayo mahakamani nazo pia ni matini. Tena ni matini zenye nguvu kuliko riwaya, maana mtu aweza kufungwa kwa ajili yazo, au kunyimwa haki yake. Yafaa basi zihakikiwe.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria baraza katika kijiji kimoja cha Taita, kando ya mbuga ya Tsavo. Tembo walikuwa wameingia mashambani usiku wakala mahindi yaliyokuwa karibu kuvunwa. Afisa aliyekuja alisimama akawaeleza wanakijiji, kwa Kiswahili fasaha, kwamba wanyama wale ni maliasili yao na kwamba hawana budi kuilinda. Mzee mmoja akaomba ruhusa ya kusema. "Mwanangu," alianza, "mali yangu naijua. Mbuzi wangu nikitaka nitamwuza, nikitaka nitamchinja. Naye akila shamba la jirani, nitalipa mimi. Huyu tembo unayesema ni mali yangu siwezi kumwuza, siwezi kumchinja, na akila shamba langu sijui nimdai nani. Hiyo ni mali ya namna gani?" Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, kisha akaendelea na hotuba yake pale pale alipoiachia.

Mimi nilirudi Nairobi na swali lile. Mzee yule hakuwa amekataa tembo, wala hakuwa amesema auawe. Alichokataa ni neno. Na kwa kulipima neno lile kwa maana yake ya kawaida alikuwa amefanya uhakiki ambao sisi wenye shahada hatujaufanya ipasavyo.

Mali na uhai

Tuanze na sarufi, maana ndiyo shahidi asiyepokea rushwa. Katika Kiswahili jina la mnyama, hata likiwa na umbo la ngeli nyingine, hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai. Twasema tembo amekufa, kifaru amezaa, kipepeo ameruka, nyuki wamehama. Kifaru na kipepeo wana kiambishi kile kile cha kiti na kisu, lakini mwenye lugha hasemi "kifaru kimezaa". Akisema "kifaru kimeharibika", kila asikiaye atajua kwamba pazungumzwa gari la vita. Tofauti ya silabi moja ndiyo itenganishayo kiumbe na chombo. Mwezi Machi 2018, Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alipokufa huko Laikipia na kuwaacha majike wawili tu wa aina yake, watu walisema "amekufa". Sarufi yetu ilimpa heshima ile ile iwapayo wanadamu.

Neno maliasili lafanya kinyume. Limeundwa kwa mali na asili, na mara tembo aingiapo ndani yake, upatanisho wake hubadilika. Tembo wanauawa, maliasili zinaporwa. Tembo wanapungua, maliasili zinapotea. Katika sentensi ya kwanza kuna kifo. Katika ya pili kuna hasara. Hatusemi kwamba watungaji wa neno walikusudia hivyo. Twasema kwamba neno, likiisha kuzoeleka, humfikirishia msemaji hata pale ambapo yeye mwenyewe hafikiri.

Fikira hii ya mali ina historia. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo msomaji asilichanganye na Azimio la Arusha la 1967 lihusulo ujamaa. Tamko lile la 1961 lilikubali dhamana ya kuwatunza wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo, kisha likaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha. Liliandikwa kwa Kiingereza, na sikio lililokusudiwa lilikuwa la mbali. Tangu hapo sehemu kubwa ya lugha yetu ya uhifadhi imekuwa tafsiri ya mazungumzo baina ya serikali na wafadhili. Aishiye kando ya mbuga hupata masalio.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa mwadilifu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa hakika fikira ya mali ndiyo iliyotuletea daftari. Kwa daftari hilo twajua kwamba tembo wa Kenya walikadiriwa kuwa takriban 167,000 mwaka 1973 na takriban 16,000 mwaka 1989. Na kwamba hesabu ya taifa ya mwaka 2021 iliwakuta 36,280. Bila takwimu hizi tungekuwa twalia tu bila kujua kiasi cha msiba. Hoja yetu ni kwamba daftari ni chombo cha mlinzi. Haliwezi kuwa sababu ya kulinda.

Nyara na jangili

Neno la pili ni nyara. Katika magazeti ya Tanzania twasoma mara kwa mara kwamba mtu fulani ameshtakiwa kwa kupatikana na "nyara za serikali", yaani pembe, ngozi au nyama ya mnyama. Nyara katika Kiswahili ni kile kitwaliwacho kwa nguvu vitani. Nasi wa Kenya twalijua zaidi katika msemo wa kuteka nyara. Kwa hiyo "nyara za serikali", likichukuliwa neno kwa neno, lakiri jambo ambalo serikali yoyote isingependa kulikiri: kwamba imeshinda vita, na kwamba pembe hizi ni mateka yake. Mwanakijiji ambaye babu yake aliondolewa katika ardhi iliyogeuzwa kuwa mbuga hahitaji kamusi ili kuielewa maana hiyo.

La tatu ni jangili. Neno hili lina harufu ya uovu tangu mwanzo, wala halimwachi mtuhumiwa nafasi ya kujieleza. Tatizo ni kwamba latumika kwa watu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni mwenye bunduki ya kisasa, aliyetumwa na mfanyabiashara wa mjini, ambaye katika miaka ya sabini na themanini alimaliza makundi mazima ya tembo kwa ajili ya soko la ng'ambo. Wa pili ni mwenye kutega tanzi la waya ili apate paa mmoja wa kitoweo. Wote wawili wavunja sheria, lakini dhambi zao hazilingani, na lugha isiyoweza kuzitenganisha haiwezi kuhukumu kwa haki. Zaidi ya hayo, katika nchi ambako uwindaji wa kulipia ungali halali, mgeni aliyenunua kibali akamwua tembo huitwa "mwindaji wa kitalii". Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwa hiyo sisi hatuna mgeni huyo. Lakini twatumia lugha moja na majirani zetu, na maneno hayana pasipoti.

Wata wa nyika ya Tsavo ni mfano wa kuhuzunisha. Walikuwa wasasi wa tembo kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu, na usasi kwao ulikuwa maisha, mila na sifa ya mwanamume. Mbuga ilipoanzishwa mwaka 1948, na hasa baada ya kampeni ya miaka ya 1956 na 1957, wengi wao walitiwa gerezani. Kiswahili kilikuwa na neno msasi, neno lenye heshima. Lakini katika lugha ya mbuga msasi alitoweka, akabaki jangili. Wengine watasema kwamba tembo haokolewi kwa kumtafutia mwuaji wake jina la staha. Ni kweli. Lakini ujuzi wa watu wale juu ya nyayo, maji na njia za tembo ungeweza kuwa ngao ya wanyama hao hao, na si rahisi kumwomba mtu ujuzi wake baada ya kumwita mwovu.

Hapa yafaa tukumbuke pia jina ambalo wananchi wenyewe walilitunga. Pori la Selous, kusini mwa Tanzania, liliitwa Shamba la Bibi, kwa kuwa husimuliwa kwamba mfalme wa Wajerumani alimzawadia mkewe. Baadaye "shamba la bibi" likawa msemo wa kila mahali: mali ambayo kila mwenye mkono mrefu hujichotea. Na Selous kweli ikachotwa. Tembo wa eneo hilo walikadiriwa kuwa takriban 39,000 mwaka 2009, na takriban 13,000 mwaka 2013. Katika maneno yote tuliyoyataja, hili la kejeli ndilo lililosema kweli. Kitu kikiitwa cha mwingine, nani atakilinda?

Maendeleo yanayoendelea

Tangu ripoti ya Brundtland ya mwaka 1987, na zaidi tangu Umoja wa Mataifa ulipotangaza malengo yake mwaka 2015, tumelemewa na msemo "maendeleo endelevu". Kimaumbile neno endelevu halina kosa. Limefuata kanuni ya uundaji kama sikivu na tulivu. Kasoro yake ni ya maana. Maendeleo yatokana na kuendelea, na endelevu latokana na kuendelea. Kwa hiyo msemo mzima wasema "kuendelea kunakoendelea". Wazo la asili lilikuwa na mpaka ndani yake: tutumie leo kwa kiasi ambacho hakitawanyima walio nyuma yetu. Mpaka huo katika tafsiri umepotea. Mkata makaa aweza kusema kwamba kazi yake ni endelevu, kwa kuwa jana alikata, leo anakata, na kesho ataendelea kukata.

Ilhali lugha yetu ilikuwa na wazo hilo kabla ya ripoti yoyote. Chovya chovya humaliza buyu la asali: hapa pana rasilimali, pana mtumiaji, pana utamu unaomdanganya, na pana mwisho. Akiba haiozi. Neno kiasi lenyewe, litumikalo jikoni na sokoni kila siku, labeba mpaka ambao endelevu haliwezi kuubeba. Hatupendekezi kwamba endelevu lifutwe; limekwisha kuingia vitabuni. Twapendekeza kwamba mwalimu anapolifundisha alifunge kwa neno kiasi, ili mwanafunzi ajue kwamba kuishi vema na dunia ni kujua pa kukomea.

Hifadhi na kaya

Kuna neno moja ambalo tunalo na hatujalitumia kwa ukamilifu wake, nalo ni hifadhi. Katika ofisi, hifadhi ni eneo lenye mpaka na walinzi. Lakini kwa Mwislamu wa pwani, kuhifadhi Kurani ni kuitia moyoni neno kwa neno, hata msahafu ukipotea isipotee. Na dua ya mzazi kwa mwanawe asafiriye ni kwamba Mungu amhifadhi. Katika matumizi hayo hapana ua wala bunduki. Pana kumbukumbu na mapenzi.

Kaya za Wamijikenda zatuonyesha maana hiyo katika vitendo. Kaya ni maskani. Watu waliishi ndani ya misitu hiyo, na hata walipohama, kufikia miaka ya 1940, waliendelea kuiita maskani. Kuna makaburi, kuna mahali pa sala, kuna miti isiyokatwa na njia isiyopitwa ovyo, na kuna wazee wa kuyakumbuka hayo yote. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tusijidanganye lakini kwamba mila ilitosha. Bei ya ardhi ya pwani ilipopanda, kaya zilivamiwa, ndiyo maana kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa. Mila ilihitaji sheria. Hata hivyo sheria ilikuta kitu cha kulinda kwa sababu watu walikuwa na neno lililowafanya wauone msitu kuwa kwao.

Hitimisho

Mtu atasema kwamba maneno hayaui tembo. Risasi, ukame na biashara ndivyo viuavyo. Twakubali. Lakini sheria haimfikii mwanakijiji ila kwa maneno. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yaahidi fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Wahusika huipata kwa kinywa cha afisa, na afisa huitafsiri kwa msamiati tuliouchambua hapo juu. Ikiwa msamiati huo wamwambia mkulima kwamba tembo ni mali isiyo yake, nyara za mshindi, au lengo la ripoti, tusishangae asipoitika.

Sisi wa idara za lugha hatuna budi kubeba sehemu yetu ya lawama. Tumeunda istilahi mezani tukazipeleka mashambani, badala ya kwenda kusikiliza kwanza. Kazi ya kukusanya maneno ya wasasi, wafugaji, wavuvi na wazee wa kaya, kabla hawajatutoka, yahitaji mwanafunzi mwenye daftari na nauli tu. Mimi binafsi nakusudia kuanzia kwa mzee yule wa Taita. Bado namdaiwa jibu.