Ufundi wa Kumwangusha Macbeth

Visa vya watu walioponzwa na uchu wa madaraka ni vingi, na vingi vinachosha, kwa kuwa mwandishi huwa ameshamhukumu mhusika wake kabla hajatuonyesha lolote. Macbeth ya Shakespeare, iliyotungwa mnamo 1606, haichoshi. Isome kwa Kiingereza au katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, utamkuta mtunzi aliyejizuia kuhukumu, akatuketisha ndani ya nafsi ya muuaji.

Kisa chenyewe alikikuta katika kitabu cha historia cha Holinshed. Humo mfalme Duncan ni mtu dhaifu na Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anaijua njama ya kumuua. Shakespeare akageuza: Duncan akawa mzee mwema, Banquo akatolewa kwenye njama. Kila kisingizio ambacho Macbeth angekishika kimeondolewa, na mwenyewe anajua. Kabla hajagusa jambia anakiri moyoni kwamba huyu ni jamaa yake, ni mgeni wake, ni mfalme asiye na kosa. Kisha anaingia kuua. Mauaji hatuyaoni, tunaona mikono yenye damu, tunasikia lango likigongwa.

Lakini ufundi ninaoustahi kuliko wote umo katika ndoa yao. Wachawi wanapomtabiria ufalme, Macbeth hawezi kukaa na habari hiyo peke yake; anamwandikia mkewe barua hata kabla hajafika nyumbani. Wanapanga pamoja. Akisita, mke ndiye anayemtia ushupavu. Wakishakikalia kiti cha enzi, mazungumzo yanakatika. Macbeth anawatuma watu wamvizie Banquo bila kumwambia mkewe. Baadaye anaamuru mke na watoto wa Macduff, mkuu aliyemwasi, wauawe, na safari hii hata hamfikirii mkewe. Hakuna talaka wala kufukuzana. Ni kimya kinachopanuka baina yao, onyesho baada ya onyesho, na mtunzi hasemi neno kukieleza.

Mwanamke yule aliyekuwa shupavu tunamkuta tena akitembea usingizini, akisugua mikono anayoiona haitakati. Wanaomtazama ni tabibu na mtumishi, mumewe hayupo. Habari ya kifo chake inamfikia Macbeth adui akiwa karibu na ngome, naye hana hata nafasi ya kumlilia. Upanga wa Macduff unakuja baadaye, na kwangu mimi haukati kitu kikubwa kama kile kilichokwisha katika nyumba ile.

Watunzi wengine wangetuonyesha jeshi na moto. Shakespeare alijua maangamizi yaanzie wapi.

Nyinyi vijana mnaoandika tamthilia, fungueni tendo la tatu, onyesho la pili. Ni fupi sana. Humo Macbeth anamwambia mkewe, kwa maneno ya mapenzi, kwamba ni heri asijue. Lisomeni kwa sauti, wawili wawili, kabla hamjaandika mstari mwingine.