Spidimita Ikidanganya, Anza na Kilomita

Pikapu moja ya Kijapani ya miaka ya 1990 iliingia gereji hapa Murongo ikiwa na malalamiko mawili. La kwanza, mshale wa spidi ulikuwa unacheza: gari likitembea mwendo mmoja, wenyewe unaruka kutoka 30 hadi 50 na kurudi, huku nyuma ya dashibodi kukisikika mlio wa tik-tik. La pili, mwenye gari alidai linakula mafuta kuliko zamani. Kazi yake ni kubeba maharage, kahawa na ndizi kutoka vijijini Kyerwa, kwa hiyo mafuta anayahesabu lita kwa lita.

"Fundi, nirekebishie huo mshale tu, ukae sawa," alisema.

"Mzee, mshale tuuache kwanza," fundi akajibu. "Tujue uongo unaanzia wapi."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niichambue kazi hii. Mafundi wengi huifungua saa, huuchomoa mshale kwenye pini na kuuchomeka upya mbele kidogo. Njia hiyo ni ya haraka, lakini haitibu, na hesabu itaonyesha kwa nini.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Kwenye gari la kebo, gia ndogo ya plastiki iliyo nyuma ya giaboksi huzungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gia hiyo huzungusha kebo, na kebo huzungusha sumaku ndani ya saa. Sumaku imezungukwa na kikombe cha alumini ambacho haikigusi. Inapozunguka, huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kisizunguke moja kwa moja. Pale mvuto wa sumaku na ubishi wa springi vinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Mpango huu alipewa hataza Otto Schulze wa Strasbourg mwaka 1902, na umedumu kwenye magari karibu karne nzima.

Kilomita zina njia yake. Kebo ile ile huzisukuma kwa gia, jino kwa jino, bila sumaku wala springi. Kwa kiwango cha Kijapani, kebo huzunguka mara 637 kwa kila kilomita moja. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima, kwa sababu spidi na kilomita hutoka kwenye kebo moja lakini hupimwa kwa njia mbili. Mshale ukidanganya na kilomita zikiwa sahihi, ugonjwa uko ndani ya saa: sumaku imechoka, au springi imelegea. Vyote viwili vikikosea, tafuta chini, kwenye gia au matairi. Vyote viwili vikifa kwa pamoja, mara nyingi kebo imekatika au gia ya plastiki imeliwa meno. Na mshale ukiruka kama ule wa mzee wetu, anza na kebo.

Fundi akaanza nayo. Alifungua nati nyuma ya saa, akavuta waya wa ndani na kuulaza juu ya bati. Akaushika ncha mbili na kuuviringisha polepole kwa vidole. Waya mzima huviringika laini. Uliopinda hurukaruka kila unapofika kwenye kona. Huu haukuwa umepinda. Ulikuwa mkavu na umejaa vumbi jekundu, vumbi tunalolijua sote tunaotumia njia ya Omugakorongo hadi hapa mpakani. Aliuosha kwa mafuta ya taa, akaukausha, akaupaka grisi nyepesi, lakini kama sentimita 20 za juu aliziacha bila kitu. Waya huo umesokotwa kama skrubu, kwa hiyo ukizunguka hupandisha grisi. Grisi ikiingia kwenye saa, kikombe cha alumini hunata, na hapo umenunua ugonjwa mpya. Alipochomoa gia pale chini alibadilisha na sili yake, maana ikivuja, oili ya giaboksi hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Mshale ukatulia. Fundi wa haraka angemkabidhi mzee ufunguo hapo. Huyu alisema mshale uliotulia ndio sasa unaoweza kupimwa.

Tulikwenda kwenye lami ya Bugene kuelekea Kyaka, tukiwa na vipimo viwili. Cha kwanza ni GPS ya simu. Hapa mpakani simu huweza kurukia mtandao wa Uganda, lakini GPS husoma setilaiti, haihitaji mnara. Sharti ni kushika mwendo mmoja kwenye sehemu tambarare, kwa kuwa huchelewa kidogo mwendo unapobadilika. Cha pili ni nguzo za kilomita kandoni mwa barabara. Asiye na simu ya namna hiyo atumie saa ya mkono: 3600 gawanya kwa sekunde ulizotumia kwa kilomita moja. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 45 ni 80.

Matokeo yalikuwa haya. Saa ilipoonyesha 40, gari lilikwenda 42. Ilipoonyesha 60, lilikwenda 64. Ilipoonyesha 80, lilikwenda 85. Na kwa nguzo kumi za kilomita, dashibodi ilihesabu 9.2 tu.

Kilomita nazo zilipungua, kwa hiyo tulijua tuangalie chini. Mzee alikuwa ameweka matairi ya 235/85R16 ili gari lipande juu kwa ajili ya mashimo. Tairi la akiba lilikuwa bado lile la asili, 205R16, halijatumika. Fundi alilizungushia futikamba: mita 2.33. Tairi lililofungwa: mita 2.52. Gawanya, utapata 1.08. Kila mzunguko wa gurudumu ulipeleka gari asilimia 8 mbele zaidi, na kwa kila kilomita ya kweli kebo ilizunguka mara 590 badala ya 637.

Hapo na kesi ya mafuta ikajibika. Gari lilipotembea kilomita 108, dashibodi ilisema 100. Mzee aligawanya lita zake kwa safari iliyokatwa.

Lakini mbona spidi ilikosea kwa asilimia 6 hivi, si 8? Kwa sababu saa hutoka kiwandani ikizidisha kidogo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidimita ionyeshe chini ya mwendo halisi hata kidogo. Huiruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo halisi, ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Akiba hiyo ndiyo matairi yaliyoimeza.

Sasa ujaribu ule ufundi wa kusogeza mshale. Usogeze 5 mbele, 80 ya zamani isome 85: sahihi. Lakini 40 ya zamani itasoma 45 wakati gari linakwenda 42, na gari likisimama mshale utataka kubaki kwenye 5. Kosa la matairi hukua kadiri mwendo unavyokua. Kusogeza mshale huongeza kiasi kile kile kila mahali. Dawa yake ni kuzidisha, na kinachozidisha ni gia.

Gia ya zamani ilikuwa na meno 33. Meno yakipungua, kebo huzunguka haraka zaidi. Kwenye giaboksi chakavu zilipatikana mbili, ya 31 na ya 30. Ya 31 ingeuweka mshale pale pale kwenye mwendo halisi. Fundi alichagua ya 30. Tuliporudi kwenye lami, 64 ya kweli ilisomeka 66, na nguzo kumi zikahesabiwa 10.2. Namuunga mkono. Kwa gia ya 31, siku tairi jipya lenye ngozi nene zaidi likifungwa, saa ingerudi kusoma chini, na dereva asingejua.

Nasisitiza hili kwa sababu vijijini mwendo wa kisheria ni 50. Dereva anayeona 50 kumbe anakwenda 53 atapigwa tochi akiapa hana kosa. Kubwa kuliko faini ni breki. Umbali wa kusimama, ukishakanyaga, hukua kwa mraba wa mwendo: 64 badala ya 60 huongeza karibu asilimia 14, na hapo nyuma umebeba magunia, mbele yako watoto wanatoka shule.

Kabla ya kufunga kazi, fundi aliandika kwenye kipande cha karatasi: tairi mita 2.52, gia meno 30, saa 66 kwa 64, na kilomita zilizosomeka siku ile. Akakibandika ndani ya mlango wa dereva. Akamwambia mzee, "Ukibadilisha saizi ya matairi, njoo na hii."