Tumbo la Matamata

Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut kule Luluabourg (ndiyo Kananga ya leo), alipiga sinema za kuchekesha: Matamata mnene na Pilipili mwembamba, mfano wa Laurel na Hardy wa Marekani. Zachekesha kweli. Lakini katika zile nilizoziona, tumbo la Matamata ni la kuchekwa tu. Mwenye tumbo simwoni.

Hardy alitupa zaidi. Katika sinema The Flying Deuces ya 1939 anampenda binti wa mwenye hoteli mjini Paris, kumbe binti ana mume. Hardy ataka kujitupa mtoni, tena amsihi Laurel wafe pamoja! Twacheka, na papo hapo twamhurumia, maana mtu yule mkubwa ameshika tama kama sisi. Mwenyewe alikuwa mnene tangu utoto, akaoa mara tatu. Mwaka 1956 alikonda mno, na 1957 akafariki.

Matamata naye angaliachwa kidogo peke yake, sahani tupu mbele yake, Pilipili amekwenda zake.