Mguu na Gurudumu: Uhakiki wa Mashine Zinazotembea katika Besiege na Crossout

Michezo ya kompyuta inayomtaka mchezaji aunde mashine yake mwenyewe imeanza kutajwa miongoni mwa nyenzo za kufundishia ufundi na fizikia. Makala haya yanahakiki kipengele kimoja tu cha michezo hiyo, yaani mguu, kwa kurejelea Crossout (2017) ya Targem Games ya Urusi na Besiege ya Spiderling Studios ya Uingereza, iliyotolewa kikamilifu mwaka 2020. Hoja inayotetewa ni kwamba mchezo unaompa mchezaji mguu uliokwisha kamilika humnyima somo lenyewe.

Katika Crossout, mguu ni kipuri. Mchezaji huupachika kwenye gari lake la vita nao hutembea bila kumuuliza chochote. Ubora wake ni dhahiri: gari huweza kwenda ubavu bila kugeuza pua, jambo ambalo gurudumu la kawaida haliwezi. Udhaifu wake ni mwendo wa kobe. Lakini sifa hizo ni tarakimu zilizopangwa ili kusawazisha mapambano. Hazitokani na urefu wa paja wala mahali unyayo unapokanyaga. Anayeacha magurudumu akachukua miguu amefanya uamuzi wa kivita, si wa kihandisi.

Besiege haina kipuri kiitwacho mguu. Mchezaji hupewa vipande vya mbao, bawaba, magurudumu na pistoni, na hapo ndipo mashaka ya kutembea hujitokeza. Mashine ya miguu minne ikiinua miwili kwa pamoja huyumba, kwa kuwa kitovu cha uzito hakina tena eneo la kukikalia; yenye miguu sita huweza kuinua mitatu na bado ikatulia kama chungu juu ya mafiga. Wapo wachezaji walioiga muundo wa Theo Jansen, msanii wa Uholanzi aliyeanza kuunda Strandbeest zake mwaka 1990. Humo mhimili mmoja huzunguka, na vijiti vilivyounganishwa kwa vipimo maalumu huufanya unyayo usafiri karibu katika mstari ulionyooka unapogusa ardhi. Kipimo kimoja kikikosewa, unyayo hukwaruza chini au hupiga teke hewani. Ni vigumu kupata kitabu kinachomwonesha mwanafunzi kosa lake upesi hivyo.

Hata hivyo, Besiege nayo hujisaliti. Ina chaguo la kuzuia vipande visivunjike, na kwa chaguo hilo bawaba iliyoelemewa, ambayo ingekatika na kumlazimisha mchezaji apunguze uzito, huendelea kubeba tu. Kasoro kubwa zaidi iko ardhini. Mguu hupata maana penye mawe na mitaro, lakini hatua za mwanzo za kisiwa cha Ipsilon ni tambarare kiasi kwamba mkokoteni wa magurudumu manne huzimaliza kwa urahisi. Mwalimu akipima kwa kuangalia nani amefika kwanza, atampa alama aliyebandika magurudumu, na aliyekesha akirekebisha goti ataonekana mzembe. Mchezo huo una zana ya kuunda viwanja vipya. Mshauri wa mitaala angeanzia huko, kwa kupanga mawe yenye kimo kinachozidi nusu ya kipenyo cha gurudumu.