Wingu Lisilo na Mwenyewe

Riwaya ya Stanisław Lem, The Invincible, nimeimalizia Urambo, nikiwa safari ya kazi, jioni mbili za taa ya simu. Huku ni nchi ya tumbaku na asali. Ukiinua macho porini unaona mizinga ya magogo juu ya miti, na mizinga hiyo ndiyo iliyonigombanisha na kitabu.

Lem alikichapisha kwa Kipolandi mwaka 1964. Chombo cha anga kinatua sayari ya Regis III kukitafuta kingine, Condor, kilichonyamaza ghafla. Kinachowasubiri si jitu wala jeshi. Ni vidudu vya chuma. Kikiwa kimoja hakina akili wala madhara, ila vikijikusanya vinakuwa wingu jeusi linalofuta kumbukumbu za mtu mpaka anabaki kama kichanga. Mkubwa wao hayupo. Kurasa za wingu hilo ni tamu kweli. Mihadhara ya wanasayansi inachosha, na wahusika wengi ni vyeo vinavyotembea tu (mwanamke hata mmoja hakuna, jamani).

Ni rahisi leo kukisoma kama utabiri wa makundi ya droni. Hapo nasita. Wingu la Lem halina mwenyewe. La leo linaye. Mradi wa OFFSET wa DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, ulilenga kikosi kidogo cha askari kiweze kuongoza hadi vyombo 250 mjini, vya angani na vya ardhini. Raytheon, mmoja wa makandarasi, walisema mtu mmoja aliongoza 130 halisi pamoja na 30 vya kuigizwa kwenye kompyuta. Hakuna mwenye mikono ya kushika usukani wa vyombo vyote hivyo. Mtu anataja lengo, tuseme jengo la kuzingirwa, akili mnemba inagawa kazi: wewe paa, wewe mlango, wewe shika nafasi ya aliyeanguka.

Mrina asali angeielewa hiyo upesi. Naye haongozi nyuki mmoja mmoja. Anachagua mti, anapaka nta mlangoni mwa mzinga, anautundika, anasubiri. Nyuki wapelelezi wanakuja, wanakagua, wanarudi kucheza mbele ya wenzao, kundi linaamua. Malkia haulizwi. Na pengine wanapita zao, mzinga unakaa mtupu.

Ndo maana ukurasa ulionishika si wa vita. Ni pale kamanda Horpach anapotaka mtu aende peke yake kuwatafuta wanne waliopotea. Anamweleza Rohan, msaidizi wake, halafu anamwachia yeye aamue. Rohan anaona mtego uliomo, anachukia, anakwenda. Yaani hata kwa ujanja, nafasi ya kukataa ilikuwepo, na Horpach anabaki na jina la aliyemtuma.

Chombo cha 87 hakikatai. Na anayeongoza 130 hana muda wa kutazama hicho cha 87 kimeona nini mlangoni. Lem, kwa kulinyima wingu lake mwenyewe, alijiepusha na mtu huyu, na kwangu hilo ndilo tundu la kitabu. Riwaya ya huyo aliyeketi na vyombo 130, saa nane usiku, anaulizwa nani alikituma kile cha mlangoni, bado naitafuta. Ukiijua, niandikie.