Dakika Moja Kabla ya Kisu

Mgonjwa amelala, dawa ya usingizi imekwisha kumchukua, na taa kubwa imeinamishwa juu ya tumbo lake. Daktari mpasuaji amevaa glovu. Kisu kipo mezani. Hapo ndipo timu iliyofunzwa vizuri hufanya jambo ambalo mtu wa nje angeliona kuwa ni kupoteza muda: mikono yote husimama, watu wakaanza kusema. Kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake. Mmoja husoma kwa sauti jina la mgonjwa, operesheni anayofanyiwa na mahali patakapochanjwa. Mpasuaji hueleza hatua anayoihofia na kiasi cha damu anachotarajia kitoke. Mtaalamu wa usingizi hutaja kinachomtia wasiwasi, labda presha iliyokuwa ikipanda na kushuka tangu asubuhi. Muuguzi huthibitisha kwamba vifaa vimetakaswa na vimetimia. Kisha kisu hushikwa.

Dakika hiyo ni kazi ya ufundi, sawa na kushona mshipa wa damu. Ina hatua zake na zana zake. Wapo wanaoifanya kwa umahiri na wapo wanaoilipua. Umahiri wenyewe ni kuwafanya watu sita au saba wenye elimu tofauti na vyeo tofauti, ambao baadhi yao wamekutana siku hiyo hiyo, wamfikirie mgonjwa mmoja kwa pamoja. Mgonjwa akiamka salama atamshukuru Mungu, kisha daktari. Hatajua kwamba kuna mtu aliyeuliza swali, mwingine akalijibu, na kwamba swali hilo lilikuwa sehemu ya tiba yake.

Mwaka 2004, mtafiti Lorelei Lingard na wenzake wa Toronto walichapisha matokeo ya kazi isiyo ya kawaida. Waliingia vyumba vya upasuaji kusikiliza watu wanavyosemezana, wakaandika mazungumzo 421. Kati ya hayo, 129 yalikuwa na kasoro, yaani karibu matatu katika kila kumi. Zaidi ya theluthi moja ya kasoro hizo zilileta madhara yaliyoonekana papo hapo: watu kukwaruzana, kazi kuchelewa, vifaa kupotea bure, utaratibu kukosewa. La kufikirisha zaidi ni aina ya kasoro iliyoongoza. Karibu nusu yake lilikuwa ni tatizo la wakati. Jambo lilisemwa, tena na mtu anayelijua, lakini limechelewa. Katika tukio moja, mpasuaji aliuliza iwapo mgonjwa amekwisha kupewa antibayotiki, na operesheni ilikuwa imeendelea kwa zaidi ya saa moja. Dawa hiyo hutakiwa iwe mwilini kabla ngozi haijafunguliwa.

Swali lilikuwa zuri. Lilihitaji kupewa mahali pake.

Kazi ya kulipatia kila swali mahali pake ilifanywa kwa kiwango cha dunia na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, lilipotoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Timu iliyoitunga iliongozwa na Atul Gawande, daktari mpasuaji wa Boston. Orodha ina vipengele 19 vilivyogawanywa katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijachanjwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Inaingia kwenye karatasi moja. Ufupi huo haukupatikana kwa bahati. Gawande alikwenda katika kampuni ya Boeing kujifunza kwa wale wanaoandika orodha za marubani, akarudi na funzo kwamba orodha ndefu haisomwi na orodha isiyoeleweka haifuatwi. Toleo la mwanzo alilolijaribu katika chumba chake mwenyewe cha upasuaji lilishindwa, kwa kuwa lilikuwa refu na lenye utata. Ikabidi lipunguzwe, maneno yanyooshwe, lijaribiwe tena.

Kisha likapelekwa kwenye mizani. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008, orodha ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ndiyo pekee kati ya nane hizo iliyokuwa ya vijijini. Ilikuwa na vyumba vitatu vya upasuaji. Manila walikuwa navyo karibu arobaini. Matokeo yalitoka Januari 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwa jumla ya hospitali zote, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyokuwa imevumbuliwa. Kisu kilikuwa kile kile, na mikono ile ile.

Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na mambo ya wazi, kama antibayotiki kutolewa kwa wakati na kipimo cha oksijeni kubanwa kidoleni kwa kila mgonjwa. Lakini mambo hayo nayo hutegemea mtu kuuliza na mwenzake kujibu, na katika kuuliza na kujibu ndimo ufundi ulimo.

Chukua kipengele kinachoonekana chepesi kuliko vyote: kutaja majina. Watu wazima, wasomi, wanasimama wakiwa wamevaa barakoa na kusema, "Naitwa fulani, leo nashika vifaa." Wengi waliona haya mwanzoni. Faida yake ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mpasuaji akihitaji kitu haraka, anamwita mtu kwa jina, haropoki amri hewani ikaelea bila mwenyewe. Upande wa pili ni mzito zaidi. Mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba hupata wepesi wa kusema tena baadaye, hata kama anachotaka kusema ni kwamba kuna jambo haliendi sawa. Mlango wa kusema hufunguliwa mapema, kungali na utulivu, ili usije ukavunjwa wakati wa dharura.

Halafu lipo lengo. Mtu angedhani lengo la operesheni linajulikana na wote, kwani limeandikwa kwenye faili. Lakini mpasuaji anaposema, "Leo tunatoa uvimbe huu, nikikuta umeshikamana na utumbo nitachukua saa moja zaidi," kila mmoja hupata kazi ndani ya sentensi hiyo. Mtaalamu wa usingizi hupanga dawa zake upya. Muuguzi huleta karibu vifaa vya utumbo. Anayeshughulikia damu hujua kuna chupa za kuulizia mapema. Lengo la timu ni lile lililosemwa likasikika, na kila mtu akajua sehemu yake.

Jambo gumu kuliko yote ni mdogo kumsimamisha mkubwa. Marubani walilipia somo hili kwa maisha ya watu. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya kampuni ya United aina ya DC-8 ilizunguka karibu saa nzima angani jirani na Portland, Marekani, huku nahodha akishughulikia hitilafu ya magurudumu ya kutulia. Wenzake wawili chumbani walijua mafuta yanapungua, na walilitaja. Ila walilitaja kwa upole wa mtu anayetoa taarifa tu, na nahodha akaendelea na magurudumu yake. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, ndege ikaanguka pembezoni mwa mji, watu kumi wakafa. Wachunguzi walipendekeza manahodha wafundishwe kushirikisha wenzao, na wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilianza kuwafunza wafanyakazi wake wa chumba cha marubani namna hiyo, na mafunzo ya aina hiyo yakaenea kwenye mashirika ya ndege duniani kabla ya kuingia hospitalini.

Hospitalini, mfano ulio wazi ni wa Peter Pronovost wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 2001 aliandika hatua tano za kufuatwa daktari anapopenyeza mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu wa mgonjwa mahututi. Zilikuwa hatua ambazo kila daktari anazijua: kunawa mikono, kusafisha ngozi, kumfunika mgonjwa kwa shuka safi, na kadhalika. Jipya lilikuwa ruhusa. Wauguzi walipewa mamlaka ya kumzuia daktari anayeruka hatua, na uongozi ukaahidi kuwakingia kifua. Mpango huo ulipopelekwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya mia moja katika jimbo la Michigan, maambukizi ya mipira hiyo yalipungua kwa hadi asilimia 66, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2006.

Ruhusa hiyo ina uzito wa pekee mahali ambapo kijana amelelewa asimkatize mkubwa. Kule ambako muuguzi humwita mpasuaji "daktari" au "profesa", na yeye huitwa "sista", haina maana ya kuitupa heshima nje ya mlango wa thieta. Muuguzi stadi huutumia uzito wa heshima hiyo hiyo: "Samahani daktari, naomba tusimame kidogo. Nimehesabu shashi mara mbili, moja haionekani." Hakuna aliyevunjiwa hadhi hapo, wala hakuna aliyenong'ona. Sababu imetajwa, idadi imetajwa, na ombi ni moja lisilo na kona. Mpasuaji stadi naye hujibu, "Ahsante sista, tuhesabu tena," mkono ukiwa tayari umeacha kushona. Jibu hilo ni nusu ya ufundi wenyewe. Akimjibu kwa ukali leo, kesho shashi ikipotea atasikia kimya.

Kuna pia ufundi wa kukabidhiana. Katika Hospitali ya Great Ormond Street, London, inayotibu watoto, hatari kubwa ilikuwa pale mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo anapotolewa thieta kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nyaya, mipira na mashine ya kupumulia huhamishwa ndani ya dakika chache, na wakati huo huo taarifa za mgonjwa zinapaswa kuhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Madaktari wawili, Martin Elliott na Allan Goldman, waliona kwenye televisheni mafundi wa magari ya mashindano ya Formula 1 wakibadilisha magurudumu kwa sekunde chache, bila kelele na bila kugongana. Wakaomba msaada kwa timu ya Ferrari, wakaenda hadi Italia, wakawaonyesha mafundi wale video ya makabidhiano yao. Mafundi walishangazwa na jambo moja hasa: haikujulikana nani anaongoza. Utaratibu ukapangwa upya. Kiongozi akatajwa, mashine zikaunganishwa kwanza, ndipo mmoja akazungumza na wengine wakasikiliza. Utafiti wao wa mwaka 2007 ulionyesha makosa ya kiufundi yakishuka kutoka zaidi ya matano hadi takriban matatu kwa kila makabidhiano, na taarifa zinazosahaulika zikapungua karibu nusu.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, na ushahidi wa hilo upo. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zitumie orodha ya ukaguzi, nazo zikaripoti kwamba zinaitumia karibu kila mara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti walizipima hospitali 101, operesheni zaidi ya laki mbili, wakilinganisha miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada ya kuianza. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Kisanduku kinaweza kutiwa alama na mtu mmoja aliyesimama pembeni, huku mpasuaji ameshaanza kuchanja. Katika jimbo la South Carolina, Marekani, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hospitali 14 zilizojiunga kwa hiari na kukamilisha mpango wa mafunzo zilichukua miaka kadhaa kuirekebisha orodha ilingane na mazingira yao, kufundisha timu nzima na kuangalia inavyotumika. Ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa vifo vya baada ya upasuaji vilipungua humo kwa asilimia 22 kulinganisha na hospitali nyingine za jimbo hilo.

Tofauti kati ya Ontario na South Carolina ni tofauti kati ya kuwa na chombo na kuwa na ufundi. Ufundi huchukua muda, huhitaji mkubwa atangulie kuonyesha, na hudai mazoezi hata siku ambazo hakuna dharura.

Mahali unapopimika kwa uaminifu zaidi ni kituo cha tatu, ambacho ndicho kinachorukwa mara nyingi. Operesheni imekwisha, glovu zinavuliwa, kila mtu amechoka na mgonjwa mwingine anasubiri koridoni. Timu inayoijali kazi yake husimama tena. Shashi, sindano na vifaa huhesabiwa kwa sauti. Kinyama kilichokatwa kwa ajili ya maabara hubandikwa jina, na jina lile husomwa. Wanaombeba mgonjwa kwenda wodini huambiwa wachunge nini usiku huo. Kisha huulizwa swali la mwisho: kuna kifaa kilichosumbua leo? Mmoja husema mashine ya kufyonza damu ilikuwa dhaifu, mwingine kwamba mkasi mmoja haukati. Inaandikwa, fundi anaitwa kabla ya jioni, na mgonjwa wa kesho, ambaye hakuna hata mmoja wao amemwona bado, anakuwa ameanza kuhudumiwa.