Waliogeuza Wali Kuwa Pilau

Nyumbani kwa mama, Ushirombo, chini ya kitanda cha chumba cha wageni, kuna sanduku la bati. Ndani yake mna mikanda ya video kumi na moja na lundo la sahani za VCD na DVD, nyingine kwenye mifuko ya nailoni, nyingine zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati. Krismasi iliyopita mdogo wangu alitaka kulichoma moto. Deki ilishakufa, alisema, na siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Nikamtajia mkanda mmoja wa Kihindi tulioutazama utotoni mpaka tukaukariri, nikamwomba autafute. Aliupata kabla chai haijapoa, picha yake safi kuliko tulivyowahi kuiona. Tuliutazama dakika kama tano, kisha akauzima mwenyewe.

"Mbona yule mtu hayumo?" aliuliza.

Yule mtu ni mtafsiri. Ndilo jina tulilompa, ingawa alilofanya lilikuwa kubwa kuliko kutafsiri. Alikuwa sauti ya mwanamume mmoja iliyopanda juu ya filamu ya watu wengine na kutuletea Kiswahilini yote yaliyokuwa yakitendeka humo. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatukuwahi kuiona Marekani wala India wala Hong Kong. Tulisimuliwa na mtu huyo huku macho yetu yakitazama.

Ushirombo ni mji wa njiani. Misheni yake ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1891, na barabara inayotoka Kahama kwenda Runzewe na kuendelea hadi Rusumo inapita katikati yake, hivyo malori ya Rwanda tuliyazoea kama ng'ombe wa jirani. Utotoni mwetu tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulikuja mwaka 2012. Jioni jenereta ya kibanda ilipoanza kunguruma, mtaa mzima ulijua. Kibanda chenyewe kilikuwa miti, turubai na magunia ya kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao, televisheni moja kwenye kabati lenye kufuli. Wachimbaji wa dhahabu waliorudi kutoka kwenye maduara ya Nyarugusu na Rwamgasa walikaa mbele, vumbi bado liko kwenye kope. Waliokuwa wamepata walilipia hata waliokosa. Watoto tulikaa chini. Mpaka leo wengi wetu tunaita filamu "mkanda", shujaa "steringi" na wabaya wake "adui", na tunajua kwamba steringi hafi.

Sasa itazame kazi yenyewe. Mtu anakaa mbele ya televisheni akiwa na kipaza sauti. Deki moja inacheza filamu, ya pili inarekodi, na katikati kuna mashine ya kuchanganyia sauti. Akisema, anaishusha sauti ya filamu. Akinyamaza, anaipandisha, ili mlio wa bastola au wimbo uje kwa nguvu zake zote. Hana mwenzake. Mzee ni yeye, mtoto ni yeye, binti anayelia kwenye mvua ni yeye, mkuu wa majambazi ni yeye. Na katikati ya hao wote anabaki msimulizi, anayekukumbusha kwamba huyu mwenye koti jeusi ndiye yule aliyeshuka kwenye ndege mwanzoni, usimsahau, kuna jambo atalifanya.

Wazungumzaji wa kwenye filamu hawamsubiri. Kabla hajamaliza jibu la huyu, yule ameshauliza swali jingine. Hapo ndipo nilipokuja kukielewa Kiswahili kuliko nilivyokielewa darasani, maana watafsiri hodari walijificha ndani ya maneno yetu yanayobeba sentensi nzima. "Hatukukutarajia." "Nimekusamehe." "Nitamkomesha." Neno moja, pumzi moja, mtenda na mtendwa wote wamo, na midomo ya Mmarekani imefunga wakati huohuo. Mtafsiri dhaifu alitumia maneno matano, akabaki nyuma, na kufikia nusu ya filamu alikuwa anasimulia tukio lililokwisha kupita.

Filamu za Kihindi na za Kichina zilikuwa mtihani mwingine. Lugha haijui. Akibahatika kupata nakala yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, anayafuata. Asipobahatika, anasoma nyuso. Anatazama mama anavyoshika kilemba cha mwanawe, anaamua kwamba hapa anamlaani, hapa anamuaga, na anatoa maneno yanayofaa kutoka kwa mama yeyote wa kwetu. Nimekuja kuzitazama baadhi ya filamu hizo nikiwa mtu mzima, na tafsiri ya maandishi chini. Kuna mahali mtafsiri alikosea. Mara nyingi zaidi alikuwa amepatia jambo ambalo maandishi yaliliruka.

Kipimo changu cha mtafsiri hodari, hata hivyo, kilikuwa namna anavyonyamaza. Steringi anapofika nyumbani na kukuta mlango umevunjwa, mtafsiri mchanga atakuambia mlango umevunjwa. Hodari anaiacha picha ipite, anasubiri, hata pumzi yake huisikii, na kibanda kizima kinanyamaza naye. Kisha anasema jina la mke, basi.

Watu wa kwetu hawakuhitaji kufundishwa kumthamini mtu wa namna hii. Usukumani manju wa ngoma, tunayemwita ningi, anaweza kusimama mbele ya umati wa vyama vya ngoma vya Bagika au Bagalu na kuushika kwa sauti yake na akili yake ya papo hapo. Ningi akitunga vibaya, watu wanahamia kwa mpinzani wake. Mtafsiri alihukumiwa vivyo hivyo. Wateja walimuuliza mwenye kibanda kwanza nani katafsiri, ndipo wakauliza filamu gani. Na kazi haikuishia kwake. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa akija na mjukuu wake. Kiswahili kilimpita kushoto, naye mjukuu alimnong'onezea kwa Kisukuma kila alilosema mtafsiri. Kiingereza kimekuwa Kiswahili, Kiswahili kimekuwa Kisukuma, na bibi alicheka kwa kuchelewa kidogo kuliko sisi, lakini alicheka.

Mikanda ilitoka Kariakoo, ikapita Mwanza au Kahama, ikatufikia kwa basi. Jina lililoheshimiwa kuliko yote lilikuwa la Derek Gaspar Mukandala, tunayemjua kwa jina la Lufufu, aliyeifanya kazi hii Dar es Salaam akaitoa vibandani na kuiweka kwenye mikanda na sahani zilizouzwa nchi nzima. Mtaalamu Mjerumani Matthias Krings alipoiandikia makala, aliipa jina la mfano ambao watu wa kazi yenyewe wangeuelewa: kugeuza wali kuwa pilau. Sijui maneno yanayoieleza vizuri zaidi. Wali unashibisha, lakini mtu akila pilau anajua kuna aliyesimama jikoni.

Tulikuwa na ndugu wengi katika kazi hii bila kujua. Uganda wanawaita VJ, na VJ Jingo alikuwa na sifa Kampala kama Lufufu alivyokuwa nazo kwetu. Kenya wana DJ Afro. Japani, zama za filamu bubu, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Filamu zenye sauti zilipoenea miaka ya 1930, wakakosa kazi. Mmoja wao, Heigo, kaka wa mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, alijiua mwaka 1933. Hapa kwetu pia kuna historia ya zamani kuliko video. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kikoloni wa sinema uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kodi, ukazitembeza kwa lori, na maelezo kwa lugha za Waafrika yalitoka kwenye sahani za santuri kupitia kipaza sauti. Maelezo hayo yaliandaliwa na wenye mradi, na kazi yake ilikuwa kutuelekeza. Miaka 50 baadaye mtu wa kwetu alikishika kipaza sauti mwenyewe, akachagua filamu mwenyewe, akampa Rambo maneno anayoyataka. Rambo akawa wetu kiasi kwamba mfuko wa plastiki tuliuita rambo, hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Sasa mwili uliobeba sauti hiyo unakwisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki za mikanda, iliacha Julai 2016. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, ilituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Ushirombo hatukuhitaji tangazo. Mwenye duka la kukodisha sahani alianza kwanza kuwajazia watu muvi kwenye flashi na kadi za simu, kisha bando likashuka bei, kisha akageuza duka kuwa la kutoa na kuweka fedha. Vibanda vilivyobaki vinaonyesha mpira wa Uingereza, na jina limekuwa kibanda umiza.

Wapo vijana wanaotafsiri hadi leo, na nafurahi wapo. Ninaowalilia ni wa kwanza. Sauti zao hazimo katika ghala la kampuni yoyote ya kutazamia filamu mtandaoni, na hazitaingia, kwa sababu ya jambo ambalo ni lazima tuliseme waziwazi: mtafsiri hakununua haki ya filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumpa pa kusimama. Watengeneza filamu wetu wenyewe walilalamika kwamba sahani hizi za bei ya chini ziliwanyima soko, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Stempu za kodi zilizobandikwa kwenye kazi za filamu na muziki kuanzia mwaka 2013 zilikuwa sehemu ya kujibu kilio hicho. Nayakubali yote hayo. Lakini sauti ya mtafsiri haikuibwa popote. Ni yake, ni kazi ya sanaa iliyofanyika kwa Kiswahili, na inakufa kwa kosa la picha iliyo chini yake.

Nikisema inakufa simaanishi mfano. Mkanda wa video ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Unyevu unailegeza gundi na kuleta ukungu mweupe ubavuni mwa utepe. Sahani zilizochomwa kwenye kompyuta zinashika taarifa kwa tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na joto na jua. Vumbi letu jekundu linamalizia. Hakuna maktaba ya taifa inayojulikana mtaani kwetu ambayo mtu angeweza kuipelekea mzigo huu. Kumbukumbu yote ya sanaa hiyo ipo chini ya vitanda.

Waganda wametuonyesha kinachowezekana. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu *Who Killed Captain Alex?*, nayo VJ Emmie akaisimulia juu yake. Nakala ya asili isiyo na sauti ya Emmie ilipotea. Iliyobaki ni ile ya sahani, yenye msimulizi ndani. Ndiyo iliyopanda mtandaoni na kutazamwa duniani kote, na mamilioni ya watu wasiowahi kufika Uganda wanacheka katika filamu ile pale Emmie anapowachekesha. Sahani ya bei ndogo ndiyo iliyoiokoa, na mtandao tunaoulaumu ukaibeba sauti yake bila shida yoyote.

Sanduku halikuchomwa. Mdogo wangu ndiye aliyelipeleka Kahama mwezi wa Februari, kwa fundi mzee wa televisheni ambaye bado ana deki moja inayofanya kazi. Mikanda minne imecheza. Ule wa Kihindi umo, na pale mama anapomuaga mwanawe yule mtu ananyamaza vilevile. Tumeinakili yote minne kwenye diski ya kompyuta, na kwenye kila faili tumeandika jina la mtafsiri, kwa kuwa majalada mengi hayakumtaja. Saba imeshikana kwa ukungu, na fundi anasema inafunguka ikisafishwa polepole, ila vichwa vya deki yake vimechoka. Kama wewe msomaji una sanduku la namna hii, usilitupe. Msikilize kwanza aliyemo. Na kama una deki ya mkanda isiyowaka, hata iliyovunjika, tunaihitaji kwa vipuri.